Taa Zikiwashwa

Bati la biskuti, limeota kutu pembeni,
limetoka stoo ya studio ya marehemu Popatlal;
nimeuziwa kwa bei ya kilo mbili za sukari.
Ndani, picha zinanuka siki.
Nazipangusa kwa pamba, moja moja,
nazipanga mezani kwa miaka, nikikisia.

Ya kwanza haina paa.
Kuta nusu, jukwaa la miti, mafundi tisa
juu ya matofali, jua limewaingia machoni.
Nyuma, kwa wino wa zambarau, jina la mwenye jengo,
jina la mhandisi, bei ya saruji.
Wale tisa wameandikwa "wengineo."
Mmoja ameinua mwiko kama anayepunga.
Nami usiku huu, jikoni, peke yangu,
nimempungia.

Sinema ya Roshan.
Wenyewe walisema maana yake ni nuru.
Sisi tulisikia roshani, ile ya juu,
ambayo watu weusi hawakuipanda.
Picha ya pili inajua hayo bila kusema:
mlango wa mbele una zulia,
mlango wa ubavuni una foleni.

Kisha chumba cha mashine. Zablon Ogweno,
shati limemganda mgongoni,
uso nusu taa, nusu makaa.
Kazi yote aliiona kupitia kidirisha
kisichozidi mkate wa robo.
Husemwa alijua kulia Kihindi kwa kila namna,
kilio cha mjane, cha mama mkwe, cha bibi harusi,
ila dukani, Kihindi cha kuombea chumvi
hakuwa nacho.

Ya nne ni ya usiku, Uhuru una miaka mitatu.
Madoa meupe nilidhani ni ukungu wa karatasi,
nikayasugua, nikayasugua,
kumbe ni usubi wa ziwa umezingira taa.
Foleni imekunja kona kuelekea Soko la Jubilee,
na sasa ni moja tu, mlango mmoja,
viatu vya kila bei.

Wa saba kutoka mlangoni
ni mama yangu.

Trufosa, aliyetuambia sinema ni sebule ya Shetani.
Aliyemchapa kaka yangu Ouko kwa mwiko wa ugali
kwa kipande cha tikiti kilichosahaulika mfukoni.
Gauni la vidoadoa, la kuazima,
kiunoni limebanwa kwa pini.
Anacheka na mtu.
Ukingo wa picha umemkata huyo mtu,
umetuachia mkono, na kofi ya shati,
na saa, mkono wa kulia.
Baba alivaa saa kushoto.

Za baadaye nilizipitia haraka.
Rangi imegeuka, kila kitu chekundu kama kidonda.
Herufi zinadondoka ukutani: R SHA.
Kufuli. Wakati huo Manyatta
kila kibanda chenye televisheni kilikuwa sinema.
Ya mwisho nimepiga mwenyewe kwa simu, Jumanne:
wanauza magodoro.
Sakafu bado inateremka kuelekea pazia lisilokuwepo,
na muuzaji ameweka kipande cha tofali
chini ya mguu wa meza
isimkimbie.

Jumapili nikaipeleka ile ya nne Maseno.
Mama aliishika kwa ncha za vidole.
Akaigeuza, akatafuta jina, hakuna.
Akaniomba miwani, na miwani anayo usoni.
Nje kuku walikuwa wameingia kwenye mtama uliotandazwa,
hakuwafukuza.

"Filamu ilikatika mara tatu," akasema.
"Kila ikikatika taa zinawashwa,
nami nainama chini ya kiti
kutafuta kiatu
ambacho hakijanivuka."

Nikasubiri.
Akauliza kama Kisumu mvua imenyesha,
na bei ya omena, na kama Ouko amepiga simu.

Picha hakunirudishia.